Msimu wa Pamba Aliokuja Minda

Jumatatu, 20 Agosti 1866

Leo tumeanza kuchuma. Mstari wa upande wa kinamasi umepasuka kabla ya mingine, nimepata ratili kumi na tisa kabla Cilla hajaamka kwenye kikapu chake na kutaka ziwa. Nimemnyonyesha nimekaa juu ya gunia. Mwalimu Thurlow amekwenda kwao kaskazini kukimbia joto, ameniachia daftari hili. Akaniambia, "Rinah, andika hata mstari mmoja kwa siku, mkono usisahau." Miaka minne nimekaa kwenye benchi lake, mwaka wa mwisho nikiwa na mimba, meza ikinibana. Basi naandika. Mgongo unauma.

Jumatano, 22 Agosti

Joto. Ratili thelathini. Cilla ana jino la tatu, na ameshalijaribu kwangu.

Jumapili, 26 Agosti

Leo katika nyumba ya sala limesomwa tangazo la Ofisi ya Walioachwa Huru. Nimelisoma mimi, maana kiongozi wetu wa sala anajua Maandiko kwa kichwa tu. Linasema hivi: wote walioishi pamoja utumwani kama mke na mume waende mjini kabla ya Krismasi, waandikwe kitabuni na wapewe cheti. Mwanamume aliyejikuta na wake wawili kwa sababu mmoja aliuzwa, achague mmoja. Na kama mmoja amezaa naye na mwingine hakuzaa, basi aliyezaa ndiye mke.

Mzee July akauliza kutoka nyuma, "Na mimi wangu waliuzwa watatu, nikae na yupi?"

Dada mmoja akamjibu, "Kaa na fimbo yako, Mzee July. Hiyo haijakukimbia."

Watu wakacheka mpaka kiongozi akagonga meza.

Wakati wa kurudi Limus, mume wangu, alimbeba Cilla mabegani. Akasema, "Pamba ikiisha tu, mama Cilla, tunakwenda. Cheti nitakitundika ukutani pale juu ya kitanda, anayeingia akione." Limus si msemaji. Alikaa jeshini miaka mitatu akipigana vita vile vya kututoa utumwani, na ukimwuliza habari za vita atakwambia viatu vilikuwa vibaya. Kwa hiyo maneno yale niliyashika.

Najua alikuwa na mke zamani. Minda. Aliuzwa Georgia mwaka 1857 pamoja na mtoto wao wa miaka miwili. Hapa kisiwani nani hakuuziwa mtu? Mimi aliuzwa mama yangu. Aliyeuzwa Georgia tulimlilia kama aliyekufa, tukaendelea kulima.

Ijumaa, 31 Agosti

Mchana tulikuwa kwenye vichanja tunaanika pamba, mimi, mama mkwe wangu Sukey na wanawake wengine. Barabarani akatokea mwanamke amevaa viatu vya kiume vilivyofungwa kamba. Alitembea polepole akitazama nyumba moja moja, kama anayezihesabu.

Mama mkwe, ambaye magoti hayamruhusu hata kunichotea ndoo moja ya maji, alikimbia. Namaanisha alikimbia. Akamwangukia yule mwanamke shingoni, wakashuka wote wawili mpaka chini vumbini.

Mtu akapiga kelele kuelekea shambani. Limus akaja na gunia begani. Alipomwona akalishusha gunia taratibu sana, kama lina mayai ndani.

"Minda," akasema.

Yule mwanamke akamtazama juu mpaka chini. "Umenenepa," akasema.

Watu wakacheka huku wanalia. Mimi nilikuwa nimesimama na Cilla mkononi, na pamba imeninasa kichwani. Minda akaniona. Akauliza, "Na huyu?"

 Mama mkwe alijitia kufuta machozi. Limus alitazama gunia lake.

Nikasema, "Mimi ni Rinah. Mke wa Limus."

Hakuniangalia mimi tena. Alimwangalia Cilla, muda mrefu. Akasema, "Masikio ameyachukua kwake."

Sasa yuko kwa mama mkwe, nyumba mbili kutoka kwetu. Limus amekula viazi. Nikamwuliza, "Mtoto wenu yuko wapi?"

"Walitenganishwa huko huko Georgia. Keta alikuwa na miaka mitano. Walimpeleka upande wa Macon. Minda amemtafuta kwa miguu mwaka mzima, amekosa, ndiyo akaja huku."

Keta ni jina la kikapuni. Kila mtoto wetu ana mawili: lile ambalo bwana aliliandika kitabuni mwake, na lile tunalompa akiwa bado analala kikapuni, ambalo wanalijua wanaokula naye chungu kimoja tu. Bwana alimwandika Louisa, jina la mke wake. Nyumbani alikuwa Keta.

Jumapili, 2 Septemba

Mama mkwe amempikia Minda kamba wa mtoni. Tangu niolewe sijawahi kuonja kamba wa mkono wake.

Jumanne, 4 Septemba

Limus amepeleka kuni kwa mama yake.

Jumatano, 5 Septemba

Limus amepeleka kuni kwa mama yake. Zile za jana zilikwenda wapi? Huyo bibi anachoma tofali?

Ijumaa, 7 Septemba

Minda anachuma mstari wa jirani na wangu. Amezoea pamba fupi ya bara, yetu ndefu inamshinda, anachuma na majani. Nimefurahi. Halafu Limus akaenda akamwonyesha namna ya kuzungusha vidole. Mimi nilipokuja shamba hili nilijifunza mwenyewe, na vidole vilitoka damu.

Ana miaka kama thelathini. Si mzuri. Nimemtazama vizuri na si mzuri. Ila akicheka Limus anageuka hata akiwa mbali.

Jumapili, 9 Septemba

Nimemwuliza leo, waziwazi, tukiwa tunamenya viazi.

"Limus, utaandikwa na nani?"

"Ofisi imeshasema. Mwenye mtoto."

"Sikukuuliza Ofisi."

Akamenya kiazi mpaka kikabaki kama kidole. "Una mtoto, Rinah. Basi shida iko wapi?"

Hilo ndilo jibu nililopewa. Nina mtoto. Kama ningekuwa sina je?

Mama mkwe hana haya, alipita mlangoni akasema, "Minda naye si tasa. Amezaa kabla yako."

Nikamwambia, "Amezaa, mama. Simkatalii."

Alhamisi, 13 Septemba

Minda amekuja kwangu wakati wa mapumziko ya mchana. Mara ya kwanza kukanyaga ndani. Alisimama mlangoni mpaka nikamwambia akae.

"Wanasema unaandika."

"Kidogo."

"Kuna gazeti la kanisa linasomwa makanisa yote ya watu wetu, mpaka Georgia. Ukitia tangazo la mtu wako, linasomwa mbele ya watu. Nataka unitilie la Keta."

Nikatoa karatasi. Alisema, nikaandika. Natafuta habari za binti yangu, anaitwa Louisa, umri miaka kumi na mmoja, mweusi wa kung'aa, alichukuliwa kutoka kwangu mwaka 1860 kupelekwa upande wa Macon. Mama yake ni Minda, baba yake Limus, wa kisiwa hiki.

Kisha akasema, "Andika kwamba nyumbani ni Keta. Hilo ndilo la maana. Louisa ni wengi kama nzi. Na yeye Louisa halijui, hakuna aliyemwita hivyo ila pale bwana anapohesabu watu."

Nikachovya kalamu. Cilla alikuwa amelala. Nikawaza: Keta akipatikana, Minda atakuwa na mtoto. Tena wa kwanza. Tena wa ndoa ya kwanza. Na Limus akitakiwa kuchagua hatakuwa tena na pa kujificha.

Nikaandika maneno mengine. Niliandika kwamba mwenye habari azipeleke kwa mchungaji wake.

"Nisomee," akasema.

Nikamsomea. Nilipofika mahali pale nikalitamka, Keta, ingawa karatasini halipo. Akatikisa kichwa kuridhika. Akatia alama yake chini, msalaba. Akaniambia, "Asante, mdogo wangu."

Sikuomba aniite hivyo.

Ijumaa, 14 Septemba

Barua imekwenda na mashua ya posta. Ratili ishirini na saba.

Jumanne, 18 Septemba

Mawingu ya shaba upande wa bahari. Mzee July anasema ni tufani. Mzee July kila mwaka anasema ni tufani.

Ijumaa, 21 Septemba

Mara hii ilikuwa tufani kweli. Ilianza jana asubuhi. Tulikuwa shambani tunachuma haraka haraka ili tuokoe tunachoweza, upepo ukaja ukiilaza mvua, ukawa unapiga uso kama mkono wa mtu. Nilimfunga Cilla kifuani nikakimbilia nyumbani. Mti mkubwa wa mwaloni nyuma ya jiko ulikuwa unalia kwenye mizizi. Bati mbili za paa zikaondoka. Nikaingia chini ya kitanda na mwanangu, maji yakawa yanapita sakafuni, nikasema Limus atakuja sasa hivi.

Nikasema tena atakuja sasa hivi.

Alikuja mwaloni ulipokwisha anguka, kwa bahati ukaangukia upande wa pili. Alikuwa amelowa, ana kamba mkononi.

"Ulikuwa wapi?"

"Kwa mama. Mama ni mzee, Rinah."

"Mama yako ana Minda wa kumshika. Cilla ana nani?"

 Alipanda juu akafunga paa kwa kamba ile ile aliyoanza kufungia kule. Nilijua kwa sababu ilikuwa imeshakatwa kipande.

Pamba yote iliyokuwa wazi imelala matopeni. Leo tunaokota, tunaosha, tunaanika. Minda aliokota karibu nami mchana kutwa, na mara moja akanipa maji ya kunywa kutoka kibuyu chake. Nilikunywa kwa kuwa nilikuwa na kiu.

Jumatatu, 1 Oktoba

Viwavi wameingia mstari wa juu.

Alhamisi, 4 Oktoba

Viwavi. Ukisimama kimya unawasikia wakitafuna.

Jumapili, 7 Oktoba

Gazeti limefika. Tangazo limo, ukurasa wa mwisho, katikati ya mengine arobaini. Kiongozi akanipa mimi niyasome. Natafuta mama yangu. Natafuta kaka zangu wawili. Watu wanasema hmm, hmm, kila jina likipita. Nilipofika kwa Louisa nikasoma, na Keta nikalitia kwa mdomo tena, kwa sababu Minda alikuwa amekaa mbele yangu. Limus alikuwa karibu na mlango. Aliposikia jina la mtoto alitoka nje.

Nimedanganya katika nyumba ya sala. Nimeandika ili niliangalie neno hilo.

Jumamosi, 13 Oktoba

Siku za posta ni Jumatano na Jumamosi. Minda anakwenda gatini. Anauliza, "Kuna ya Minda?" Mtu wa mashua anasema hakuna. Anasema, "Asante, bwana," anarudi shambani. Leo nilikuwa pale, nimepeleka magunia, nikamsikia. Ile asante imenikera kuliko kuni zote.

Jumanne, 16 Oktoba

Mvua. Tumekaa ghalani tunachambua pamba, kutoa majani na vijiti. Tumejikuta mimi na yeye kwenye rundo moja, wengine wako mbali. Nilifikiri tutachambua hivyo mpaka jioni. Halafu akasema, "Bado anakoroma?"

Nikataka nisijibu. Nikasema, "Kama msumeno."

"Mpige teke kwenye mguu wa kushoto. Wa kulia hausikii."

Nikacheka. Ilinitoka tu. Kisha nikakasirika kwa ajili ya huo mguu wa kushoto, ambao nimelala nao miaka miwili sikuujua.

Nikamwuliza, "Dada Minda, ulikuja kumchukua?"

Alichambua kidogo. "Nilikuja kuona kama kuna mtu duniani anayemkumbuka Keta pamoja nami. Kumkumbuka peke yangu nimechoka. Kumchukua, sijui. Njiani nilikuwa nikisema nitamchukua. Nilipoona masikio ya mtoto wako nikanyamaza." Akanitupia kijiti. "Usifurahi sana. Bado naamka nikilifikiria."

Jumatano, 17 Oktoba

"Kuna ya Minda?" Hakuna.

Jumamosi, 20 Oktoba

Hakuna.

Jumatano, 24 Oktoba

Hakuna. Ratili kumi na nane, viwavi wamekula zilizobaki.

Jumapili, 28 Oktoba

Cilla sasa anatambaa. Leo asubuhi alikuwa anaelekea motoni. Nikamwita, "Cilla." Nikamwita tena. Mara tatu, kwa sauti, hakugeuka, mkono umeshafika majivuni. Nikamwita kwa jina la kikapuni. Akasimama, akageuka, akanichekea.

Nimekaa chini nimemshika. Sikuweza kwenda kwenye sala.

Kule Macon wamemwita Louisa.

Jumatatu, 29 Oktoba

Nimemwambia Minda. Nilimwita nyuma ya ghala nikamwambia jina halimo. Nikamwambia nilisoma kisichokuwepo, mara mbili.

Nilitegemea anipige. Nilikuwa nimemwacha Cilla kwa jirani kwa sababu hiyo. Alisimama akiwa ameshika gunia tupu. Akauliza, "Kwa ajili ya Limus?"

"Ndiyo."

"Wiki ngapi?"

"Sita na siku nne."

Alipumua kwa pua. Akasema, "Nitakuchukia baadaye. Sasa andika."

Nikaandika juu ya goti, pale pale. Keta nimeliandika mara mbili, mwanzoni na mwishoni, kwa herufi kubwa. Akataka nimwonyeshe kwa kidole lilipo. Alilitazama, akalifuatisha na ukucha. Akasema, "Kumbe ni fupi hivyo." Akaibeba karatasi mwenyewe mpaka gatini, akakaa kungoja mashua. Hakuniachia mimi.

Jumapili, 4 Novemba

Hakumwambia mtu. Nasubiri mama mkwe anitemee mate, naye ananiuliza kama Cilla amekula. Limus hajui. Nimeanza kumwonea Minda wivu wa aina nyingine. Mimi nisingeweza kunyamaza hivyo.

Jumatano, 14 Novemba

Baridi ya kwanza. Tunachuma mara ya mwisho, vitumba vimekauka vinachana vidole.

Jumamosi, 24 Novemba

Hakuna.

Jumatatu, 3 Desemba

Barua ilikuja Jumamosi. Sikuandika jana wala juzi.

Minda aliileta mbio, haijafunguliwa. Alikuwapo Limus, alikuwapo mama mkwe. Alinipa mimi. Baada ya yote yale alinipa mimi, kwani hakuna mwingine, mwalimu bado hajarudi. Akanikazia macho, akasema, "Soma kilichomo."

Nilisoma kila neno. Ni mchungaji wa Macon. Anasema Keta yu hai. Tangazo la kwanza liliposomwa tarehe saba ya mwezi wa kumi msichana alikuwamo kanisani, amekaa benchi la tatu. Louisa wako wanne katika kanisa lile, na yeye ameambiwa tangu utotoni kwamba mama yake alikufa, hakuinuka. Tarehe ishirini na mbili ya mwezi ule mahakama ikamkabidhi kwa bwana wake wa zamani kama yatima asiye na mtu, amtumikie mpaka atimize miaka kumi na minane. Ndivyo wanavyofanya huko sasa, wanawarudisha watoto kwa karatasi. Tangazo la pili liliposomwa, mwanamke aliyekuwa akilala naye chumba kimoja aliinuka akasema, Keta ni yule mtoto aliyechukuliwa.

Mchungaji anasema amekwenda kwa mkuu wa Ofisi huko. Mama peke yake akija anarudishwa mikono mitupu, wamesharudishwa wengi. Lakini akija baba, na cheti kwamba mama wa mtoto ni mkewe wa halali, mtoto atatolewa.

Nilipomaliza mama mkwe alikuwa anamshukuru Mungu na Limus ameshika ukuta. Limus akasema, "Hilo tangazo la kwanza, mbona lilisomwa hapa na jina lake? Nilisikia mwenyewe."

 Minda angeweza kusema, akaniachia mimi.

Nikasema, "Halikuwamo. Nililitia kwa mdomo."

Limus alinitazama. Sijawahi kumwona akinitazama kama mtu asiyemjua. Alitoka akachukua shoka. Alipasua kuni mpaka jua likazama, akapasua hata gogo la kukalia. Aliporudi alisema neno moja tu, "Mbele ya watu wote, Rinah." Akalala kwa mama yake.

Benchi la tatu. Siku kumi na tano zilikuwapo kati ya siku ile na mahakama. Zingetosha.

Jumatano, 5 Desemba

Mama mkwe amekuja akakaa kitandani kwangu. Nilidhani amekuja kunitukana. Akasema, "Binti, nilikuonea. Nilikuona kama mtu aliyekaa kwenye kiti cha mwanangu Minda. Sikukuuliza kama umechoka." Akamchukua Cilla mapajani. "Lakini mjukuu wangu yule mwingine yuko jikoni kwa yule mtu."

"Najua, mama."

"Hutamkatalia?"

"Nimeshasema najua."

Ijumaa, 7 Desemba

Limus amerudi kulala. Hajasema ananisamehe, mimi sijamwuliza. Asubuhi tulipokuwa tunakula uji nikaanza mimi.

"Utaandikwa na Minda."

Akaweka kijiko. "Nilifikiri hivyo hivyo. Ni cheti tu, mama Cilla. Ni karatasi. Tukimtoa mtoto narudi hapa, tunaishi kama tulivyoishi. Karatasi ni karatasi."

"Mama yangu aliuzwa kwa karatasi," nikamwambia. "Keta amefungwa kwa karatasi. Miaka minne nimekaa kwenye benchi na tumbo langu ili karatasi isinichezee tena. Usiniambie mimi karatasi ni karatasi."

"Sasa unataka nini?"

"Ukiandikwa naye, ni mkeo. Hutakuja kwangu kwa mlango wa nyuma. Utakuja mchana, kwa mlango wa mbele, kumwona mwanao. Utaleta kuni, maana kupeleka kuni unajua."

Akalia. Mimi nilikuwa na Cilla mkononi, anataka uji, nikawa namlisha. Siku zote zile nilitaka kumwona akilia kwa ajili yangu. Nilipomwona nikakosa la kufanya na machozi yake.

Jumamosi, 15 Desemba

Mjini. Tulikwenda wote kwa mashua moja, mimi, Limus, Minda, Cilla mgongoni. Mlolongo wa watu ulizunguka ofisi, wazee wa miaka sabini wamevaa maua, wanasukumana kama watoto. Karani ni kijana wa kaskazini mwenye mafua, anapiga chafya juu ya kitabu.

Kwenye foleni Minda aliniambia pembeni, "Unanipa kwa sababu unanihurumia?"

"Hapana."

"Kwa sababu ya ulichofanya?"

"Hapana. Nakupa kwa sababu mtoto yuko kule. Wewe mwenyewe sikupi hata uzi."

Akacheka kidogo. "Sasa ndiyo naweza kukuamini. Bado nakuchukia."

"Vizuri," nikasema. "Na mimi."

Zamu yetu ikafika. Karani akamwuliza Limus jina la mke. Limus akatazama kitabu. Karani akanitazama mimi, akamtazama Cilla, akamtazama Limus, naona aliyaona masikio. "Huyu si mtoto wako?" akamwuliza.

"Ni wangu."

"Na mama yake ndiye huyu?"

"Ndiye."

"Na huyu mwingine?"

"Amenizalia pia. Mtoto yuko Georgia."

Karani akasoma kanuni yake, akapiga chafya, akasema, "Wote wamezaa. Basi chagua mwenyewe. Nyuma yako kuna watu mia."

Limus alinigeukia. Ilikuwa kama pale kwenye vichanja, jibu lilingojwa kwangu. Nilijua kwamba nikinyamaza tu, nikisimama tu pale na mtoto wangu, jina lingenijia mimi. Nililiona likimpanda kooni.

Nikasema, "Ameshachagua. Andika Minda."

Karani akaandika. Nikamwambia, "Na chini yake andika kwamba Cilla, miezi kumi na mmoja, ni mtoto wake Limus aliyezaa na Rinah, na atamlea. Kanuni yenu inaruhusu, nimeisoma." Akaniangalia mara ya kwanza kama mtu. Akaandika.

Kisha akataka shahidi anayejua kuandika. Wenzangu wote pale walikuwa wa kutia msalaba. Akasema, "Wewe unasoma, utaandika?"

Nikachukua kalamu. Minda akatia alama yake, Limus akatia yake, nami nikaandika jina langu chini yao, Rinah, mahali pa shahidi. Niliogopa nitalikosea. Herufi zimekaa sawa, hakuna hata moja iliyoyumba.

Njiani kurudi Cilla alilala. 

Jumanne, 18 Desemba

Wameondoka leo na meli ya Savannah, kisha reli mpaka Macon. Nimewafungia mkate wa mahindi na viazi vya kuchoma, vya watu watatu, fungu la tatu ni la Keta wakati wa kurudi. Mama mkwe alikwenda gatini. Nami nilikwenda, nikasimama juu kwenye mchanga.

Minda alipanda kwanza. Ubao ulikuwa umelowa, Limus akamshika asiteleze. Alimshika kwenye kiwiko, si mkononi. Ndivyo anavyomshika mtu anayeogopa kumpoteza.

Nikageuka nikaenda shambani. Mstari wa mwisho ulikuwa bado una pamba.